Jina la Tatu: Kumtafuta Fundi wa Lupa

Katika mwaka huu wa Jubilii ya Almasi, hekalu letu linapotimiza miaka 75 tangu liwekewe jiwe la msingi, kamati ya kitabu hiki cha kumbukumbu imeziomba familia za jamii yetu ziandike habari za wahenga wao waliotangulia kuingia katika nchi hii. Ombi hilo lilitukuta sisi tukiwa tayari njiani katika safari ya namna hiyo, ingawa hatukuianza kwa kupenda historia. Tuliianza kwa aibu.

Ilikuwa katika Pitru Paksha, ile nusu ya mwezi yenye giza ambamo kila nyumba ya Kihindu huwakumbuka marehemu wake. Baba yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwa mara ya kwanza sisi wanawe, pamoja na binamu zetu, tulikaa mbele ya pujari ili kumfanyia shradha. Kama ijulikanavyo, ibada hiyo hudai majina matatu: la baba, la babu na la baba wa babu. Kila jina hutajwa pamoja na gotra, yaani ukoo wake, na kila jina hupewa maji, ufuta na tonge la wali. Tulilitaja la baba. Tulilitaja la babu. Tulipofika kwa la tatu, kaka yetu mkubwa akataja jina lililoandikwa katika hati ya safari ya babu. Hapo shangazi yetu, aliyekuwa amekaa nyuma yetu, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo: "Huyo ndiye aliyemlea. Hakumzaa."

Pujari alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na jina lile tulilompa. Lakini sisi tulirudi nyumbani tukiwa na majina mawili tu mkononi, na pengo mahali pa la tatu.

Usiku ule shangazi alitueleza kile ambacho babu alimwambia yeye peke yake. Babu alizaliwa mwaka 1933. Alimkumbuka baba yake kama mtu mrefu aliyenuka vumbi la mbao, ambaye watu wote walimwita "Fundi" au "Mistri". Alikumbuka pia kwamba alikuwa na mdogo wake wa kike, akafa angali kichanga, akazikwa Chunya. Baba huyo alipofariki babu hakuwa ametimiza miaka mitano, na mtoto wa umri huo hamjui baba yake kwa jina. Humjua kwa kuitwa baba. Aliyemchukua alikuwa mwenye duka aliyekuwa akimuuzia Mistri misumari. Miaka ilipopita na karani akauliza jina la baba wa kijana huyu, mwenye duka alitaja lake, na hilo ndilo jina ambalo familia yetu inalitumia hadi leo.

Kaburi kwa watu wasiozika

Msomaji wa jamii yetu ataona mara moja ugumu wa kazi tuliyoikabili. Wenzetu Waislamu na Wakristo wanaotafuta nasaba zao huenda makaburini wakasoma mawe. Sisi tunawachoma marehemu wetu, na majivu yao tunayakabidhi mtoni, ziwani au baharini. Mahali pa kuchomea maiti hapabaki jina. Mtu anaweza kuishi miaka 40 katika mji, akajenga nyumba na hekalu, na mwishowe mji huo usiwe na jiwe hata moja lenye kumtaja.

Lakini desturi yetu ina milango midogo ambayo wengi huisahau. Watawa waliojitenga na dunia hawachomwi, bali huzikwa katika samadhi. Jamii ya Goswami wa Gujarati huwazika watu wao vivyo hivyo. Na watoto wachanga, ambao sheria za kale zinawahesabu kuwa hawajafikia umri wa moto, nao huzikwa ardhini. Ndiyo maana katika miji mingi ya Afrika Mashariki, pale walipoishi Wahindu wa kwanza, kaburi la Kihindu likionekana huwa ni dogo. Ni la mtoto.

Katika ufupi huo wa kaburi kuna faida kwa mtafuta nasaba. Jina la Kigujarati hubeba sehemu tatu: la mtu mwenyewe, la baba yake na la ukoo. Mtoto mchanga hana sifa nyingine ya kuandikiwa. Hana kazi, hana cheo, hana mke wala watoto. Basi anayemwandikia jiwe humwandika kwa baba yake. Hivyo baba asiyekuwa na kaburi huweza kuonekana katika kaburi la mwanawe. Tulipomsikiliza shangazi usiku ule tulielewa kwamba kama jina la tatu limeandikwa popote, limeandikwa juu ya yule mtoto wa Chunya.

Dhahabu ya Lupa

Kabla ya kusimulia tulichokikuta, yafaa kueleza ilikuwaje fundi wa Kihindu akafika mahali pale.

Wahindi wa pwani ya Kutch na Kathiawar walikuwa wakivuka bahari kwa majahazi na pepo za kaskazi karne nyingi kabla ya reli. Katika zama za Sayyid Said, ushuru wa forodha ya Unguja ulikusanywa na nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kutch. Habari hizo zinajulikana, na vitabu vya kumbukumbu kama hiki huzirudia mara kwa mara. Zisizosimuliwa sana ni habari za waliokwenda bara si kwa ajili ya pembe, karafuu wala pamba, bali kwa sababu chini ya ardhi palisemekana kuna mali.

Wajerumani walichimba dhahabu Sekenke, katika nchi ya Iramba, tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipowafungia bahari na sarafu zikawaadimikia, walitumia dhahabu hiyo mwaka 1916 kupiga sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora. Sarafu hizo, zilizozidi 16,000, zina tembo upande mmoja, na wajuzi wa sarafu husimulia kwamba mihuri yake ilichongwa na sonara kutoka Ceylon. Mwaka 1940, kule Mwadui katika nchi ya Shinyanga, Dakta John Williamson wa Kanada aligundua mwamba wa almasi, na aliyesimama pamoja naye kama mwanasheria na kisha mshirika alikuwa I. C. Chopra, wakili Mhindi wa Mwanza. Katika jubilii inayoitwa ya almasi si vibaya kumkumbuka.

Kati ya zama za Sekenke na zama za Mwadui ndipo inapoingia Lupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 dhahabu ilionekana katika mchanga wa mto Lupa, kaskazini ya Mbeya, katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Chunya. Mwanzoni walikuja wachache. Kilichowaleta wengi ni shida ya dunia. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliangusha bei ya katani, kahawa na pamba, na watu wakakosa kazi. Lakini dhahabu ilikwenda kinyume. Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani iliipandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mahali ambapo jana mchimbaji alipata hasara, leo alipata riziki. Watu wakamiminika Lupa: Wazungu wenye leseni, na kwa maelfu vibarua Waafrika kutoka Unyakyusa, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambao ndio hasa waliozishika sululu na makarai. Nyuma yao wakafuata wenye maduka, na wengi wa hao walikuwa watu wetu.

Safari yenyewe haikuwa nyepesi. Mtu alishuka melini Dar es Salaam, akapanda treni ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, akateremka Itigi, kisha akashika njia ya kusini kwa lori katika miyombo mikavu yenye mbung'o, hadi Chunya. Wengine walipitia Dodoma na Iringa mpaka Mbeya, mji ambao wenyewe ulikua kwa sababu ya dhahabu, kisha wakapanda milima yenye baridi na kushuka upande wa pili, mwendo wa kilomita 70 hivi.

Dhahabu ya juujuu, ile ya mchangani, haihitaji seremala sana: karai, maji na subira vyatosha, na penye maji ya kutosha, mfereji wa mbao wenye vizuizi chini ili dhahabu nzito itulie na mchanga mwepesi upite. Lakini mchanga ulipokwisha, wachimbaji walilazimika kuufuata mwamba chini ya ardhi. Hapo ndipo fundi wa mbao alipokuwa na thamani kuliko mwenye leseni. Duara halichimbwi bila matimba. Magogo hukatwa porini, hupimwa, hukitwa pande zote mbili za shimo na kufungwa kwa mataruma juu, na mtu aliye chini humwamini seremala kama mgonjwa anavyomwamini tabibu. Mgodi wa Saza, uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote ya Lupa, ulifunguliwa mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1956. Mtu wetu hakuuona. Alifanya kazi katika yale mashimo madogo yaliyoutangulia.

Jiwe

Tulikwenda Chunya wakati wa kiangazi, watu wanne, tukiwa na picha ya babu na bila jambo jingine la hakika. Wazee wa mji walituelekeza mahali nje kidogo ya mji, kando ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, ambapo majani yalikuwa yamezidi kimo cha mtu isipokuwa sehemu moja ndogo iliyofagiliwa. Hapo tulimkuta mama mmoja mtu mzima akikusanya mabua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmepotea njia, au mmemfuata mtu?"

"Tumemfuata mtoto, mama."

Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaweka mzigo wake chini, akatuongoza bila kuuliza zaidi. Mahali palipofagiliwa palikuwa na bamba la saruji lisilozidi urefu wa mkono, limepasuka upande wa chini, na juu yake herufi za Kigujarati. Hazikuchongwa kwa patasi. Ziliandikwa kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi, na mistari yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu aliyezoea kupiga mstari kwenye ubao.

Mama yule alitueleza kwamba mama mkwe wake ndiye aliyekuwa akipafagia, na alipozeeka alimwachia yeye kazi hiyo kwa neno moja: mtoto wa fundi asikae kwenye majani. Baba mkwe wake alitoka Unyakyusa akiwa kijana, akafanya kazi na fundi huyo, akikata miti ya matimba na kuishusha shimoni. Kaburi lake lilikuwa hatua chache kutoka pale: rundo la mawe bila maandishi. Lakini jina lake mama alilitaja pasipo kusita, na la baba yake, na la babu yake. Sisi tuliokuja na kamera na madaftari tulikuwa hatuna hata moja la kulinganisha na hayo matatu.

Shangazi alitusomea jiwe kwa picha jioni ile. Lilisema jina la mtoto. Kisha "binti wa", na jina la mtu tusiyemjua, na jina la ukoo la watu wa kazi ya mbao. Kisha "miezi saba". Kisha tarehe: Shravan, nusu ya giza, siku ya 8, Samvat 1993. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Bwana Krishna. Mstari wa mwisho, ambao kwa desturi hutaja kijiji cha asili, ulikuwa umekwenda na kipande kilichovunjika.

Majina hayo hatuyaandiki hapa. Yana mahali pake pa kutajwa.

Daftari

Tungeweza kufurahi hapo hapo. Lakini jina lililo juu ya jiwe la mtoto wa fundi mmoja si ithibati kwamba fundi huyo ni wetu; Lupa haikuwa na seremala mmoja. Ilitubidi kulilinganisha na ushahidi mwingine, na ushahidi huo, kumbe, ulikuwa nyumbani mwetu siku zote, umefungwa kitambaa chekundu juu ya kabati: madaftari ya duka.

Kila mwenye duka wa Kigujarati hufungua daftari jipya wakati wa Diwali na kuliombea, na madaftari ya zamani hayatupwi. Ya mlezi wa babu yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wa wafanyabiashara unaoacha irabu nyingi, nasi tulihitaji wiki kadhaa na uvumilivu wa shangazi kuyasoma. Humo kulikuwa na hesabu ya mteja aliyeitwa tu "Mistri". Wafanyabiashara wale hawakuandika jina la mtu pale kazi yake ilipotosha kumtambulisha. Misumari ya inchi nne, misumari ya inchi sita, msumeno, mafuta ya taa, mchele, unga. Katika masika ya mwaka mmoja, vidonge vya kwinini, kisha kwinini tena.

Katika mwezi wa Shravan, nusu ya giza, siku ya 8, Mistri alichukua nusu yadi ya kitambaa cheupe. Siku tatu baadaye, kibaba cha saruji. Siku ya 12 baada ya kitambaa kile cheupe, kitambaa chekundu yadi tano, samli na kuni. Anayezijua desturi zetu hahitaji kuelezwa. Nusu yadi nyeupe ni ya mtoto. Nyekundu ni ya mke anayekufa mumewe akiwa hai. Babu hakuwahi kujua kwamba mama yake na mdogo wake waliondoka katika mwezi mmoja.

Siku ililingana na jiwe. Mwezi ulilingana. Mwaka haukulingana. Daftari lilisema Samvat 1992. Jiwe lilisema Samvat 1993. Tulipotazama Shravan ya 1993 katika daftari lililofuata, Mistri hakuwa amenunua kitambaa wala saruji, ila misumari tu. Baadhi yetu walisema basi, jiwe ni la mtu mwingine. Wengine walisema fundi alikosea mwaka kwa majonzi. Lakini mtu aliyeinyoosha mistari yake namna ile kwa msumari hakuwa mtu wa kukosea kirahisi.

Jawabu lilitoka kwa pujari wetu. Mwaka wa Vikram Samvat, alisema, hauanzi siku moja kila mahali. Katika sehemu kubwa ya Gujarati mwaka hubadilika baada ya Diwali, mwezi wa Kartak, na ndivyo wafanyabiashara wanavyohesabu. Lakini watu wa Kutch na wa Halar, yaani nchi ya Jamnagar, walikuwa na desturi ya kuuanza mwaka mwezi wa Ashadh, miezi minne mapema. Shravan hufuata Ashadh. Kwa hiyo Shravan moja na ileile, iliyoangukia kati ya Julai na Agosti 1936, kwa mwenye duka ilikuwa bado ni ya 1992, na kwa mtu wa Kutch au Halar ilikuwa tayari ni ya 1993.

Hitilafu iliyokuwa karibu kutufanya tulikatae jiwe ndiyo iliyolithibitisha. Tena ilitupa kile ambacho kipande kilichovunjika kilikuwa kimetunyang'anya: sehemu alikotoka. Mtu huyu, mbali na kwao, ameketi kati ya wateja na wenye maduka waliohesabu miaka kwa njia nyingine, alipomwandikia mwanawe alihesabu kama walivyohesabu kijijini kwake.

Daftari lina ukurasa mwingine ambao ni lazima tuutaje. Katika mwezi wa Maha wa Samvat 1994, yaani mwanzoni mwa 1938, pameandikwa debe la samli, mkokoteni wa kuni na kitambaa cheupe yadi tano. Hayo hayakuandikwa katika hesabu ya Mistri. Yaliandikwa katika dharmada, ile hesabu ya sadaka ambayo kila mfanyabiashara mcha Mungu huitenga. Kisha, katika hesabu ya Mistri, deni la shilingi 46 limepigwa mstari, na kando yake, kwa mkono uleule uliozoea kuandika misumari na mafuta ya taa, yameandikwa maneno manne: "Mtoto wake yupo kwangu."

Nasaba mbili

Tulilipeleka jina kwa jamaa aliyeko Jamnagar, naye akamtafuta barot, mmoja wa wale watunza nasaba ambao tangu vizazi huzunguka vijiji vya Gujarati na vitabu vyao wakiandika nani amezaliwa na nani. Barot alifungua kitabu cha mafundi wa mbao wa Halar. Katika kijiji kimoja palikuwa na ndugu wanne, na mmoja wao alibeba jina lililo juu ya jiwe letu. Juu yake palikuwa na majina ya baba na mababu, na gotra yao. Chini ya ndugu watatu palijaa watoto na wajukuu. Chini ya yule mmoja palikuwa na neno "Afrika", na karatasi nyeupe.

Si kila mtu katika familia aliipokea habari hiyo kwa furaha, na tungekuwa waongo kama tungeficha. Binamu mmoja aliuliza kama sasa tunataka kuliacha jina ambalo tumesomea, tumeolea na tumefungulia biashara. Mwingine alisema kwamba kwa miaka yote tumesimulia kuwa babu mkuu alikuwa tajiri wa dhahabu. Je, tuwaambie watoto kwamba alikufa akidaiwa shilingi 46? Shangazi alisikiliza mpaka wakachoka. Kisha akasema: "Wanangu, Waswahili wana methali mbili, nanyi mnataka kushika moja na kutupa nyingine. Mwacha asili ni mtumwa. Na pia: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwenye duka hakumnyang'anya fundi mtoto wake. Aliandika daftarini kwamba mtoto ni wa fundi. Sisi ndio tuliosahau kulisoma."

Neno hilo lilimaliza shauri. Jina la ukoo tumebaki nalo, kwa kuwa lilitolewa kwa wema na kupokelewa kwa wema. Lakini barot ameandika jina la babu chini ya neno "Afrika", na kando yake jina la mtoto wa miezi saba, na chini ya babu majina yetu sote. Na katika Pitru Paksha iliyofuata tulikaa tena mbele ya pujari. Alipouliza jina la tatu, tulilitaja la fundi. Sheria za tarpan zina nafasi vilevile kwa wasiokuwa wa damu: walimu, wafadhili, marafiki, na wale wasiokuwa na mtu wa kuwapa maji. Hapo tulimtaja mwenye duka, wa kwanza, kwa jina lake kamili.

Kule Chunya tulimwomba yule mama ruhusa ya kuweka jiwe juu ya kaburi la baba mkwe wake. Hakukubali mara moja. Alisema atawauliza kwanza wana wa marehemu, kwa kuwa kaburi si la mtu mmoja. Nasi tukaona kwamba hilo ndilo jibu la watu wanaojua nasaba. Walipokubali, jina lake liliandikwa kwa herufi walizozichagua wao. Bamba la mtoto hatukulibadilisha. Tumelizungushia tofali ili maji yasilipasue zaidi, kwa kuwa mwandiko ule ndio kitu pekee cha mkono wa fundi kilichobaki duniani. Matimba yake yote yamo chini ya ardhi.

Ombi kwa wasomaji

Kwa familia nyingine za hekalu hili tunaomba mambo machache, kwa kuwa tumejifunza kwa kuchelewa.

Msiyauze wala kuyachoma madaftari ya zamani hata kama hakuna tena awezaye kuyasoma. Wapeni wazee wayasome angali wapo, na kazi hiyo mwirekodi. Msomapo tarehe ya Samvat, kumbukeni kutoa 57 kwa siku zilizo kati ya Diwali na mwisho wa Desemba, na 56 kwa siku zinazobaki. Lakini kama mwandishi ni mtu wa Kutch au Halar, angalieni miezi ya Ashadh hadi Aso kwa makini, kama tulivyojifunza sisi. Mkienda Haridwar, waulizeni mapanda wa kijiji chenu, ambao nao hutunza vitabu vya mahujaji kwa kijiji na kwa ukoo. Huenda mhenga wenu alipita huko akatia sahihi kabla ya kuvuka bahari. Na mkipita katika mji wowote wa zamani wa machimbo au wa reli, usiwe mji mkubwa tu, ulizieni makaburi ya watoto.

Mwisho, tunaiomba kamati ya hekalu ianzishe kitabu cha majina. Jiwe la msingi la hekalu hili limebeba majina ya waliochangia fedha, na ni haki yao. Lakini milango yake iliwekwa na maseremala, na kuta zake na waashi, Wahindu na Waafrika pamoja, na majina ya wengi wao hayamo katika jiwe lolote. Wapo miongoni mwetu wazee wanaoyakumbuka. Kitabu hicho kiwekwe katika ukumbi, na kalamu iachwe kando yake. Sisi tumekwisha kuandaa mstari wetu wa kwanza.